Maji Yakishuka, Homa Hupanda: Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Mto Tana ukifurika, Garsen hugeuka kisiwa. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilipomwagika, na kabla watu hawajamaliza kukausha magodoro, Aprili na Mei 2024 maji yakarudi. Barabara zikakatika, migomba ikafikwa na maji shingoni, na mahali ambapo wiki moja kabla makondakta walikuwa wakiita abiria wa Malindi na Hola, mashua zikawa ndizo matatu.

Ndani ya mashua kama hizo huwamo wajawazito. Mama aliyezoea safari hiyo hukiviringisha kitabu cha kliniki ndani ya leso, leso akaifunga juu, karibu na kifua, si kiunoni. Viatu vikilowa vitaanikwa juani, lakini kitabu kikilowa hakisomeki tena, na nesi wa ng'ambo hatajua mama huyu ameshakunywa vidonge vya malaria mara ngapi wala damu yake ilipimwa lini.

Maji yakianza kushuka ndipo homa hupanda. Mto ukirudi nyumbani kwake huacha madimbwi nyuma ya nyumba, kwenye majaruba ya mpunga, kwenye nyayo za ng'ombe. Haipiti wiki mbili mbu wameshaanguliwa na kuota mbawa. Nyumba baada ya nyumba mtu analala chini ya blanketi mchana wa jua kali, meno yanagongana, na wengine wanampitia wakimwambia ni homa ya maji tu, itaondoka yenyewe. Mara nyingi kweli huondoka. Mazungumzo haya yanamhusu yule ambaye homa imemkuta na mtoto tumboni, na swali ambalo huulizwa baadaye sana, pengine mtoto akiwa na miaka mitatu na bado hajatamka neno: je, homa ile iligusa ubongo?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini si mara zote, na si kwa njia moja. Jibu refu linapitia Sydney, Lamu, Kilifi, Entebbe na kisiwa cha Réunion, na humo ndimo kuna mambo.

Tuanze na ubongo wenyewe. Kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba itunge, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wamebeba, mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umekwisha kujifunga. Kisha seli za neva huanza kuzaliwa kwa kasi. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na sehemu kubwa sana ya hizo hutengenezwa mtoto angali tumboni. Zikizaliwa hazikai pale pale. Huhama, kama Waorma wanavyoshuka na mifugo kwenye delta kiangazi kikikaza, kila kundi likiwa na kituo chake, na likichelewa au likipotea njia hukuta mahali pake pameshakaliwa. Miezi mitatu ya mwisho ndiyo ya kukunjamana na kuunganishana. Mtoto akizaliwa, ubongo wake una uzito wa gramu 350 hadi 400, robo hivi ya ubongo wa mtu mzima.

Kwa hiyo tarehe ina uzito wake. Tuseme wanawake wawili wa kijiji kimoja karibu na Ozi wameumwa na mbu usiku mmoja, mmoja akiwa na mimba ya wiki 6, mwingine ya wiki 38. Homa ni ile ile, nyumba zimepakana, lakini kinachojengwa matumboni mwao usiku huo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Aliyewafumbua macho madaktari katika jambo hili alikuwa daktari wa macho, si wa wanawake. Mwaka 1941 huko Sydney, Australia, Norman Gregg alishangaa kuona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho, ugonjwa wa wazee. Akaeleza visa 78. Alipowauliza mama zao, karibu wote walisema walipata rubela mwanzoni mwa mimba. Rubela ni kijiugonjwa ambacho kwa mtoto wa shule ni vipele na homa ndogo ya siku tatu. Mama mwenyewe huenda hata asilale. Lakini ikimpata mjamzito wiki za mwanzo kabisa, uwezekano wa kumdhuru mtoto hufika hadi asilimia 90: moyo, macho, masikio, ubongo. Marekani ilionja uchungu huo mwaka 1964 na 1965, watoto wapatao 20,000 walipozaliwa na madhara ya rubela. Daktari wa akili wa New York, Stella Chess, alifuatilia watoto 243 miongoni mwao, na mwaka 1971 akaripoti kwamba 18 walikuwa na usonji, kamili au nusu. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa idadi ya kushangaza. Kenya iliingiza chanjo ya rubela, ikiwa imechanganywa na ya surua, mwaka 2016. Sindano ile anayochomwa mtoto wa miezi 9 katika zahanati ya Tarasaa haimlindi yeye peke yake. Inamlinda pia jirani yake mwenye mimba ambayo bado haijaonekana.

Afrika Mashariki nayo ina mchango wake katika hadithi hii, na si mchango wa kujivunia. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika kando ya Entebbe, Uganda, watafiti wa homa ya manjano walifunga kima ndani ya kizimba juu ya mti ili waone mbu watamwambukiza nini. Walichopata hakikuwa homa ya manjano bali virusi vipya, wakavipa jina la msitu. Kwa karibu miaka 60 Zika ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa kupuuzwa. Kisha mwaka 2015 Brazili ikaanza kupokea watoto wenye vichwa vidogo kupita kiasi, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Virusi vya Zika huzivamia moja kwa moja seli changa zinazozaa seli za neva, na ujenzi hukomea hapo.

Lakini kisa ambacho msikilizaji wa Garsen anapaswa kukisikia vizuri kimepita mlangoni kwake. Chikungunya ni neno la Kimakonde, linaloeleza mtu aliyejikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Katikati ya 2004 ulizuka Lamu. Kilikuwa kiangazi, watu wakihifadhi maji kwenye mitungi na matangi majumbani, na mbu wa chikungunya hupenda maji safi ya ndani kuliko dimbwi la nje. Damu ya wakazi 288 wa kisiwa ilipopimwa Oktoba mwaka huo, 215 walikuwa na alama kwamba wameshaugua, yaani asilimia 75. Robo tatu ya mji! Kutoka Lamu ukafika Mombasa, ukavuka bahari hadi Comoro, na mwaka 2005 na 2006 ukaishukia Réunion, kisiwa cha Wafaransa, ambako theluthi hivi ya wakazi waliambukizwa.

Réunion ina hospitali zilizokamilika na madaktari wa kuandika kila kitu, ndiyo sababu yaliyotokea huko yanajulikana kwa undani kuliko yaliyotokea Lamu. Walichoona ni hiki. Wajawazito walioumwa katikati ya mimba, watoto wao kwa kawaida walizaliwa salama na kukua kama wenzao. Hatari ilikuwa mwishoni kabisa. Kati ya wanawake 39 waliokuwa na virusi katika damu wakati wa uchungu, watoto 19 waliambukizwa, karibu nusu. Kuzalishwa kwa upasuaji hakukuwaokoa. Na jambo la kutisha zaidi: watoto hao walizaliwa wazima, wakalia, wakanyonya, kisha kati ya siku ya 3 na ya 7 wakaanza kuchoka, kukataa titi na kupata homa, baadhi ubongo ukavimba. Walipotimiza miaka miwili, watoto walioambukizwa hivyo walilinganishwa na wenzao wasioambukizwa. Asilimia 51 ya walioambukizwa walikuwa nyuma katika ukuaji wa akili na mwili. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 15.

Siku ya 3 hadi ya 7, mama wa delta huwa yuko wapi? Ameshatoka hospitalini, kama alikwenda. Yuko nyumbani, mtoto kafunikwa, wageni wanaingia na kutoka. Mtoto akiacha kunyonya siku ya tano wapo watakaosema ni jicho la mtu.

Sasa malaria, ambayo kwa Mto Tana haihitaji kutambulishwa, ingawa ina ujanja mmoja ambao wengi hawaujui. Vimelea vya malaria haviridhiki kuzunguka katika damu ya mjamzito. Hujificha kwenye kondo la nyuma. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliokuwa wakifanya kazi magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye kondo kwa gundi ya aina yake, gundi ambayo haifanyi kazi mahali pengine mwilini. Ndiyo maana mwanamke aliyekua Garsen, aliyeugua malaria mara ishirini utotoni na kuizoea, hushangaa mimba ya kwanza inapomwangusha kama mgeni aliyeshuka juzi kutoka Nyeri. Kinga yake haijawahi kukutana na vimelea vya sura hii. Mimba ya pili na ya tatu mwili unakuwa umejifunza. Na kwa sababu vimelea vimejificha kwenye kondo, kipimo cha kidole kinaweza kusema hana malaria huku kondo limejaa.

Kondo likijaa, chakula na hewa ya mtoto hupungua. Mtoto huzaliwa chini ya kilo 2.5, au kabla ya siku zake, au vyote viwili, na mtoto wa namna hiyo huanza maisha ubongo wake ukiwa na deni. Damu ya mama nayo hupungua, na madini ya chuma ambayo ubongo unayahitaji hupungua pamoja nayo.

Mbali na njaa hiyo ya tumboni, kuna jambo jingine. Mwaka 2015 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwaambukiza panya wajawazito malaria ya panya. Watoto wao walizaliwa bila kimelea hata kimoja. Hata hivyo walipokua walikuwa na kumbukumbu hafifu na dalili zinazofanana na huzuni nzito. Watafiti walipozuia tarishi mmoja wa kinga ya mwili anayeitwa C5a, madhara hayakutokea. Maana yake ni kwamba kilichowaumiza watoto wale ni vurugu za kinga ya mama zilizowafikia tumboni, kwani vimelea havikuwahi kuwagusa.

Wazo hili lina historia yake. Wataalamu wa California chini ya Paul Patterson walionyesha mwaka 2007 kwamba huhitaji kidudu chochote. Panya mjamzito akidungwa dawa inayoidanganya kinga yake idhani virusi vimeingia, watoto wake huzaliwa na tabia za kujitenga na kuogopa. Tarishi mmoja, interlukini 6, akizuiwa, watoto huwa sawa. Mwaka 2016 Gloria Choi, Jun Huh na wenzao wakamtaja tarishi mwingine, interlukini 17. Kwa lugha ya kijijini: nyumba ikishika moto, zimamoto wakaja na mabomba, moto unazimwa, lakini asubuhi mwenye nyumba anakuta maji yameharibu mchele uliokuwa stoo, mahali ambapo moto haukufika.

Hapa ndipo mtu anapaswa kukaa kitako na kuvuta pumzi, maana habari za namna hii zikifika kwenye simu za watu huwa zinabadilika njiani. Panya si mtu. Kwa watu ushahidi upo, ila ni wa kupima kwa mizani. Uchunguzi kadhaa wa nchi za kaskazini mwa Ulaya uliona kwamba wanawake waliolazwa kwa maambukizi makali wakiwa na mimba walizaa watoto wenye usonji kidogo zaidi kuliko wengine. Kisha mwaka 2022 watafiti wa Sweden wakachukua watoto karibu 550,000 na kufanya jambo la busara: wakawalinganisha ndugu wa tumbo moja, huyu mama yake aliugua akimbeba, yule hakuugua. Tofauti ya usonji ikafifia. Yaani huenda kilichoonekana mwanzo kilikuwa cha familia yenyewe, urithi au hali ya maisha, na homa ikasingiziwa.

Uganda nako kulikuwa na somo la aina hiyo. Kule Entebbe wajawazito 2,507 waliingizwa kwenye utafiti wa dawa za minyoo, ikiwemo praziquantel, dawa ya kichocho ambayo watoto wa Hola na Bura wanaijua kwa ukubwa wa kidonge chake. Wengi walitarajia kwamba mama akitibiwa minyoo, akili ya mtoto itachangamka. Watoto walipopimwa wakiwa na umri wa miezi 15, matibabu yale hayakuonyesha faida ya maana kwa akili yao. Kichocho kinatibiwa kwa sababu zake, na mjamzito aliyepita miezi mitatu ya mwanzo anaruhusiwa kutibiwa, lakini hakuna haja ya kumtwisha lawama za kila kitu.

Wafugaji wa Tana wana elimu yao katika jambo hili, ya zamani kuliko maabara. Mfugaji akiona ng'ombe, mbuzi na kondoo wanatoa mimba kwa mkupuo baada ya mvua kubwa, hahitaji kuambiwa kuwa kuna ugonjwa. Homa ya Bonde la Ufa husafiri na mbu ambao mayai yao hulala udongoni miaka mingi, makavu, yakisubiri mafuriko yayaamshe. Mwishoni mwa 2006 yaliamka. Hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155, na Garissa, Ijara na Tana River zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Lakini mimba za wanyama zilipokuwa zikitoka, ni wachache waliouliza kuhusu mimba za watu. Swali hilo lilijibiwa Port Sudan miaka kadhaa baadaye: kati ya wajawazito 28 walioonekana kuwa na virusi hivyo, 15 walipoteza mimba, na kati ya wengine 102 waliokuwa na homa za aina nyingine, ni 12. Kuhusu akili za watoto wanaonusurika, inaelekea hakuna aliyewafuata kwa miaka kama walivyofuatwa wale wa Réunion. Ni pengo, na liko katika nchi ya watu wanaokama ng'ombe na kuchinja kwa mikono yao wenyewe, wanawake wakiwemo, mimba ikiwemo.

Kilifi ni safari ya saa chache kwa basi kutoka Garsen, na huko kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989. Kazi yao moja haijapata kusikika inavyostahili. Walipita nyumba kwa nyumba wakachunguza watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9, na mwaka 2006 wakatoa hesabu: watoto 61 katika kila 1,000 walikuwa na ulemavu wa ubongo au neva wa kadiri au mkubwa. Kifafa kilitangulia, kikifuatiwa na udhaifu wa akili, kisha upungufu wa usikivu. Na walipotafuta chanzo, matatizo ya wakati wa mimba na kuzaliwa yalijitokeza wazi. Hesabu hiyo ni ya Kilifi, lakini mbu wa Kilifi na mbu wa Tana ni ndugu, na hospitali za Kilifi ziko karibu zaidi na nyumba za watu.

Shida nyingine ilikuwa namna ya kupima. Vipimo vya Ulaya humtaka mtoto ataje vitu ambavyo hajawahi kuviona. Mtoto wa Kipokomo anayejua kupiga kafi akiwa na miaka sita ataonekana mjinga kwa sababu hajui picha ya lifti. Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Aga Khan, na wenzake walitengeneza kipimo cha hapa hapa, wakakichapisha mwaka 2008 kwa jina la Kilifi. Kinaangalia mtoto anavyotambaa, anavyotembea, anavyotumia mkono na jicho pamoja, kwa vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavijua. Kimekwisha kutumika katika nchi nyingine za Afrika. Si kitu kidogo hicho.

Na lawama? Lawama ni ugonjwa mwingine. Pwani mtoto akishikwa na degedege wapo watakaosema kapitiwa na nyuni. Akichelewa kutembea, mama mkwe atauliza mama huyu alikula nini, alipita wapi jioni, alimcheka nani. Sayansi ikifika vibaya itampa mama mkwe silaha mpya: aliugua, hakujitunza. Mwanamke hachagui mbu. Hakuchagua mafuriko wala hakuchagua zahanati iwe ng'ambo ya maji. Na wengi mno waliougua homa wakiwa na mimba wamezaa watoto ambao leo ni walimu, manahodha na wabunge.

Kinachoweza kufanywa si cha ajabu, na sehemu kubwa ipo tayari kwenye kitabu kile kilichofungwa ndani ya leso. Damu inapimwa kaswende, na kaswende huondoka kwa sindano ya penisilini. Ikiachwa hupenya hadi kwa mtoto na kula ubongo na mifupa. Virusi vya ukimwi vinapimwa na dawa hutolewa siku hiyo hiyo. Chandarua hutolewa. Vidonge vya SP, ambavyo wengi bado huviita Fansidar, hutolewa kliniki za Pwani na za Ziwa Viktoria kuanzia mwezi wa nne, kila mwezi, mama akivimeza mbele ya nesi. Wachache wanajua kwamba sehemu ya ushahidi wa vidonge hivyo ilipatikana hapa hapa Pwani. Kati ya 1996 na 1997 wanawake 1,264 wa Kilifi, wote wenye mimba ya kwanza, waliingia kwenye majaribio: nusu walipewa SP, nusu vidonge visivyo na dawa. Vimelea vilionekana katika damu ya asilimia 5 ya waliopewa dawa na asilimia 35 ya wenzao. Upungufu mkubwa wa damu ulishuka kutoka asilimia 24 hadi asilimia 15 hivi. Wanawake hao wa Kilifi wamelinda mimba nyingi mno barani Afrika, na sanamu yao haipo mahali popote.

Kuna vidudu vingine ambavyo kliniki haivioni kwa urahisi. Utafiti wa Kilifi na Mombasa uliwapima akina mama 7,967 na kukuta asilimia 12 wamebeba, bila dalili yoyote, bakteria iitwayo streptokokasi kundi B. Kwa mama mara nyingi haina neno. Mtoto akiivuta wakati wa kuzaliwa inaweza kumletea homa ya uti wa mgongo, na wanaopona hiyo si wote wanaobaki na akili kamili. Ndiyo sababu wakunga husisitiza kwamba maji ya uzazi yakipasuka na uchungu haujaja, mtu asikae nyumbani akingoja kupambazuke.

Homa yenyewe nayo itibiwe. Septemba 2025 serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba parasetamoli kwa mjamzito huenda inahusiana na usonji, ujumbe ulifika hadi Minjila kabla ya magazeti. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba hakuna ushahidi thabiti. Sweden, ambao inaonekana wana hesabu ya kila kitu, walikuwa wameshachapisha mwaka 2024 uchunguzi wa watoto karibu milioni 2.5, na walipowalinganisha ndugu hawakuona uhusiano. Panadol kwa kipimo cha daktari haijakatazwa. Kukaa na joto la digrii 39 siku tatu ukiogopa kidonge ndiko kunakotisha zaidi. Ila kidonge hushusha joto tu, hakiui malaria, na mjamzito mwenye homa hupimwa siku hiyo hiyo, si baada ya soko la kesho.

Baada ya hapo linabaki la kumtazama mtoto. Maambukizi ya tumboni yakigusa ubongo mara nyingi hugusa na masikio: rubela hufanya hivyo, na saitomegalovirusi, ambayo ndiyo maambukizi ya tumboni yaliyoenea kuliko yote duniani, hufanya hivyo kimyakimya, mtoto akizaliwa na sura nzuri bila kasoro. Kisha anaitwa mkaidi, anaitwa bubu, anafika darasa la kwanza akiwa hajasikia neno.

Wapokomo wana kipimo cha masikio ambacho hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. Wimbo wa taifa wa Kenya, ule unaosimamisha viwanja, sauti yake ilichukuliwa mwaka 1963 kutoka kwa bembelezo la Kipokomo, wimbo wa mama wa kando ya mto akimnyamazisha mwanawe. Mama anaweza kumlaza mtoto wa miezi sita juu ya mkeka, akakaa nyuma yake mahali asipoonekana, akaanza kuimba taratibu. Mtoto anayesikia hugeuza shingo kutafuta sauti inakotoka, au huacha kurusha miguu akasikiliza. Asipogeuka leo, aimbiwe tena kesho akiwa ameshiba na hana usingizi. Asipogeuka tena, kitabu kifungwe ndani ya leso, na safari ya kliniki ianze na mashua ya kwanza ya asubuhi.